Kilo 36 zisizokuwepo: namna ya kusoma mwingiliano wa vigeu katika regresheni

Mwanzisha uzi (Unguja)

Assalaam alaykum wanajukwaa. Nimekusudia kuandika juu ya jambo ambalo kwa miaka kadhaa nimelikuta katika rasimu za tasnifu za wanafunzi wanaokuja kwangu kuomba msaada wa takwimu, na ambalo hata baadhi yetu tunaojiita wajuzi hulipita bila kulitazama: namna ya kusoma vizigeu vya regresheni, yaani mlinganyo unaokadiriwa kutoka kwenye data ili kueleza kigeu kimoja kwa vingine, pale ambapo ndani ya mlinganyo kuna mwingiliano wa vigeu viwili. Kizigeu ni ile namba inayozidishwa na kigeu. Mwingiliano ni hali ya kigeu kimoja kubadilisha nguvu ya athari ya kigeu kingine, na hicho kinachobadilisha nguvu ya mwenzake wengi hukiita modereta. Mimi nitakiita kirekebishi, ili tusikichanganye na bwana yule anayetufungia nyuzi zetu humu ndani.

Mwanafunzi mmoja alikuja kwangu na rasimu kuhusu kilimo cha mwani upande wa mashariki wa Unguja. Namba nitakazozitumia nimezibuni mwenyewe, si zake, kwa sababu kazi yake haijatoka na kwa sababu nataka hesabu ifanyike kichwani bila kikokotoo; kosa lenyewe, hata hivyo, ni lilelile. Mnajua kwamba kilimo hiki kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na kwamba wakulima wetu, ambao wengi wao ni akina mama, hulima aina mbili: spinosamu, ambayo ni sugu lakini bei yake ni ndogo, na kotonii, ambayo wanunuzi huilipia zaidi lakini haistahimili maji yakipata moto. Kwa hiyo swali lake lilikuwa zuri na lilitoka baharini, halikutoka kitabuni: je, joto la maji linapunguza mavuno, na je, linayapunguza sawasawa kwa aina zote mbili?

Sehemu ya pili ya swali hilo ndiyo mwingiliano. Regresheni ya kawaida, yenye joto na aina ya mwani bila kitu kingine, inalazimisha mistari miwili iende sambamba: kotonii inaweza kuwa juu au chini ya spinosamu, lakini kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, zote mbili zinapoteza kiasi kilekile. Mkulima yeyote wa Jambiani atakwambia kuwa hivyo sivyo. Ili kuiruhusu mistari iwe na miteremko tofauti, tunaongeza kigeu cha tatu ambacho ni zao la joto na aina, yaani joto likizidishwa na aina. Tukiipa spinosamu alama 0 na kotonii alama 1, na mavuno yakiwa kilo za mwani mbichi kwa kamba moja, tuseme mlinganyo umetoka hivi:

mavuno = 14 − 0.2 × joto + 36 × aina − 1.2 × (joto × aina)

Sasa tazameni alivyoandika katika sura ya nne, nikiziweka namba zangu mahali pa zake. Kwanza: "Joto linapunguza mavuno ya mwani kwa kilo 0.2 kwa kila nyuzi." Pili: "Kotonii inazaa kilo 36 zaidi ya spinosamu kwa kila kamba." Tatu: "Mwingiliano ni hasi na una maana ya kitakwimu," yaani si rahisi kudhani umetokea kwa bahati tu. Alipowasomea matokeo akina mama waliompa data, mmoja wao alicheka mpaka akashika mbavu. Kamba yake yote, alisema, ikitoka majini imejaa haifiki hata nusu ya kilo hizo; hizo 36 za ziada zimefungwa wapi?

Programu ya takwimu haikukosea hata nukta moja. Aliyekosea ni msomaji wa jedwali, kwa sababu alivisoma vizigeu viwili vya kwanza kana kwamba zao halimo ndani ya mlinganyo. Zao likishaingia, kizigeu cha joto hakizungumzii tena "joto" kwa jumla. Kinazungumzia joto pale ambapo aina ni 0, yaani kwa spinosamu peke yake. Na kizigeu cha aina hakizungumzii tena tofauti ya aina mbili kwa jumla. Kinazungumzia tofauti yao pale ambapo joto ni 0. Maji ya bahari yenye nyuzi sifuri! Tangu Nungwi mpaka Makunduchi hakuna aliyewahi kuyaingiza mguu maji hayo. Zile kilo 36 ni mstari uliovutwa kurudi nyuma kutoka kwenye data hadi mahali ambapo data haikuwahi kufika.

Ukitaka mteremko wa joto kwa kotonii, jumlisha: −0.2 na −1.2, unapata −1.4. Kwa kila nyuzi moja kotonii inapoteza kilo 1.4 ilhali spinosamu inapoteza 0.2. Na ukitaka tofauti ya aina mbili, lazima kwanza useme katika joto gani: ni 36 ukitoa 1.2 mara joto. Kwa nyuzi 28 kotonii inaongoza kwa kilo 2.4, yaani 10.8 dhidi ya 8.4. Kwa nyuzi 30 zinalingana, kilo 8 kwa 8. Kwa nyuzi 32 kotonii imeshindwa, 5.2 dhidi ya 7.6. Huyo mama aliyecheka angeisikia habari hii asingecheka, kwa sababu ndiyo anayoijua, isipokuwa sasa imepewa namba.

Neno langu kuu ni hili basi: katika mlinganyo wenye mwingiliano, kila athari ina masharti. Ukiandika sentensi yenye neno "athari ya joto" bila kutaja ni kwa nani au katika hali gani, sentensi hiyo haijakamilika.

Mchangiaji, Chake Chake

Wa alaykum salaam Maalim. Nimefaidika. Mimi nilifundishwa kwamba kabla ya kuzidisha vigeu ni lazima kwanza kutoa wastani kwa kila kimoja, na sababu niliyopewa ni kuepuka vigeu kufanana mno, kwani programu huonyesha kwamba joto na zao lake vinakwenda pamoja karibu kabisa. Msimamizi wangu alikataa kusaini mpaka nifanye hivyo. Je, alikuwa na haki?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, dawa aliyokupa ni nzuri lakini maradhi aliyoyataja siyo inayoyatibu. Kutoa wastani kunabadilisha mahali pa sifuri, basi. Tuseme wastani wa joto ni 28; tukiitoa kutoka kila kipimo cha joto katika mfano wangu, mlinganyo unakuwa:

mavuno = 8.4 − 0.2 × joto + 2.4 × aina − 1.2 × (joto × aina)

Linganisha na ule wa kwanza. Kizigeu cha zao ni kilekile, −1.2, na kosa sanifu lake, yaani kipimo cha shaka iliyomo katika makadirio, ni lilelile, na thamani yake ya p, inayotumika kuamua maana ya kitakwimu, ni ileile, na uwezo wa mlinganyo kueleza mavuno haukusogea hata nywele. Kilichobadilika ni kizigeu cha aina, kutoka 36 hadi 2.4, kwa sababu sasa "sifuri" maana yake ni nyuzi 28, joto ambalo mwani wetu unaishi. Ule mfanano kati ya joto na zao umepungua kweli, lakini mwingiliano haujapata uhakika mpya hata kidogo, kwani taarifa zilizomo katika data hazijaongezeka. Kwa hiyo fanya hivyo ili jedwali lako lisomeke, usifanye kwa kudhani umeiponya regresheni. Tena si lazima uchague wastani. Kama wataalamu wa mwani wanajali nyuzi 30, toa 30, na kizigeu cha aina kitakuwa sifuri kamili katika mfano wangu, nacho kitakuwa kinasema jambo.

Nikumbushe na hili kwa kuwa msimamizi huyo huenda akaja na jingine: usikiondoe kigeu cha joto au cha aina katika mlinganyo kwa sababu tu hakikuonyesha maana ya kitakwimu, ukaliacha zao peke yake. Ukikiondoa cha aina, umelazimisha mistari miwili ikutane kwenye sifuri yako, popote ulipoiweka.

Mchangiaji, Mjini

Maalim, pamoja na heshima zote, naona tunajitia taabu. Kwa nini asigawanye data yake mafungu mawili, kotonii kwake na spinosamu kwake, akafanya regresheni mbili? Ikiwa joto lina maana ya kitakwimu kwa kotonii na halina kwa spinosamu, si ameshathibitisha kwamba aina inarekebisha athari ya joto? Mimi nimefanya hivyo katika ripoti zaidi ya moja na hakuna aliyenirudisha.

Mchangiaji mwingine, Fumba

Niruhusuni nijibu mimi, maana kosa hili nililifanya na mimi nilirudishwa. Tuseme mteremko kwa kundi la kwanza ni −0.50 na kosa sanifu lake ni 0.20. Ukigawanya unapata 2.5, na kwa kuwa inapita kama 2, kwa desturi tunaita hiyo maana ya kitakwimu. Kundi la pili mteremko ni −0.30 na kosa sanifu 0.20; 1.5, haina maana. Ripoti itaandika kwa wino mzito kuwa joto linaathiri kundi la kwanza na haliathiri la pili. Lakini tofauti ya miteremko ni 0.20 tu, na kosa sanifu la tofauti hiyo, makundi yakiwa hayategemeani, ni kipeuo cha pili cha 0.04 jumlisha 0.04, ambacho ni kama 0.28. Gawanya: 0.7. Hakuna ushahidi wa kutosha kuwa makundi yametofautiana. Andrew Gelman na Hal Stern waliliandikia makala suala hili mwaka 2006, na kichwa cha makala kilikuwa ni dai lenyewe: kwamba tofauti kati ya lenye maana ya kitakwimu na lisilo nayo huenda yenyewe isiwe na maana ya kitakwimu. Swali ni moja, nalo ni tofauti, basi na ipimwe tofauti. Zao ndani ya mlinganyo mmoja ndilo linaloipima.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana, umenipunguzia kazi. Naongeza jambo moja la mkononi kwa ndugu wa Mjini. Anaweza kupata mteremko wa kotonii pamoja na kosa sanifu lake bila kugawanya data. Baada ya kupata majibu ya kwanza, ageuze alama, kotonii iwe 0 na spinosamu iwe 1, halafu arudie regresheni ileile. Kizigeu cha joto sasa ni cha kotonii, na kosa sanifu lililo pembeni yake ni lake halali.

Nasisitiza kosa sanifu kwa sababu hapa pia watu huteleza. Wakishajumlisha −0.2 na −1.2, hujumlisha na makosa sanifu kiholela. Tuseme la joto ni 0.3 na la zao ni 0.4. Ukiyapandisha kipeo cha pili, ukajumlisha, ukatafuta kipeuo cha pili, unapata 0.5. Si sahihi, kwani vizigeu hivyo viwili havikukadiriwa kila kimoja kivyake. Kimoja kikipanda, kingine hushuka. Ule mwenendo wa pamoja, ambao katika mfano huu ni −0.09, lazima uingie mara mbili: 0.09 jumlisha 0.16 toa 0.18, ni 0.07, na kipeuo chake cha pili ni kama 0.26. Tofauti ya 0.5 na 0.26 ni kubwa. Programu zote kubwa hutoa jedwali la mienendo hiyo ya pamoja ukiliomba, ila hazilitoi usipoliomba.

Mchangiaji, Wete

Mimi ni mtu wa mpunga, mwani siujui. Data yangu ni ya mabonde ya Pemba yasiyo na umwagiliaji: kilo za mbolea, milimita za mvua ya masika, na mavuno. Vigeu vyote viwili ni vya kupimika, hakuna 0 na 1. Nimepata mbolea ina kizigeu cha −2 na zao la mbolea na mvua lina 0.005. Bwana shamba ameniuliza kama nataka kuwaambia wakulima kuwa mbolea inapunguza mpunga. Nimjibu nini?

Mwanzisha uzi

Mwambie kuwa mbolea inapunguza mpunga katika masika yasiyokuwa na tone la mvua, masika ambayo Pemba haijawahi kuyaona. Athari ya kilo moja ya mbolea kwako ni −2 jumlisha 0.005 mara mvua. Kwa milimita 400 ni sifuri; kwa 1,000 ni kilo 3 za mpunga. Kirekebishi kikiwa cha kupimika, miteremko si miwili bali haina idadi, kwa hiyo mchoro ni bora kuliko jedwali: mvua kwenye mhimili wa chini, athari ya mbolea kwenye mhimili wa wima, na mkanda wa uhakika juu na chini ya mstari, unaoonyesha athari inaweza kuwa kati ya wapi na wapi. Mkanda ule ukiwa wote juu ya sifuri, ndipo unapoweza kusema mbolea inasaidia. Palmer Johnson na Jerzy Neyman waliionyesha njia ya kuutafuta mpaka huo mwaka 1936, kwa hiyo si mambo ya kompyuta. Desturi ya kuchagua nukta tatu, wastani na mkengeuko sanifu (kipimo cha namna data ilivyotawanyika) mmoja juu na chini yake, inakubalika, lakini nukta hizo wakati mwingine huangukia mahali ambapo hakuna shamba hata moja.

Na hapo nina swali kwako kabla hujachora. Mvua katika data yako inaanzia wapi na inaishia wapi?

Mchangiaji, Wete

Ndogo kuliko zote ni 650, kubwa ni 1,000 na kidogo.

Mwanzisha uzi

Basi mchoro wako uanzie 650, ambapo athari ni kilo 1.25, na usithubutu kuzungumzia 400. Programu itakuchorea mpaka sifuri bila haya, kwa kuwa yenyewe haijui bonde. Kisha yagawe mashamba yako katika mafungu matatu kwa mvua, ya chini, ya kati na ya juu, uutazame mteremko wa mbolea ndani ya kila fungu. Zao linadhani kwamba athari inapanda kwa mstari ulionyooka. Mpunga, unavyojua kuliko mimi, ukishazamishwa na maji mengi mbolea huondoka nayo, na huenda athari ikapanda halafu ikashuka. Mlinganyo wako wa sasa hauwezi kuliona hilo hata likiwepo.

Kwa anayependa historia, maswali haya yalizaliwa shambani. Mwaka 1923 Ronald Fisher na Winifred Mackenzie, wakiwa kituo cha Rothamsted huko Uingereza, walichapisha uchambuzi wa viazi wakiuliza iwapo aina mbalimbali za viazi zinaitikia mbolea kwa namna tofauti. Badala ya viazi weka mwani, badala ya mbolea weka joto.

Mchangiaji, Mkoani

Swali fupi, Maalim. Mafunzo ya kufunga mbegu yanawafanya akina mama wafunge vizuri, na kufunga vizuri kunaongeza mavuno. Je, kufunga vizuri ni kirekebishi?

Mwanzisha uzi

La, dada yangu. Hicho ni kipitishio: mafunzo yanapita hapo yakienda kwenye mavuno. Kirekebishi ni kitu kama umbali wa shamba na pwani, ambacho mafunzo hayakibadilishi lakini kinaamua kama mafunzo yatafaa kitu. Reuben Baron na David Kenny waliitenga mipaka ya mambo hayo mawili mwaka 1986, na bado watu huyachanganya. Ila tambua kuwa hesabu yenyewe haijui nani anamrekebisha nani. Zao la joto na aina ni sawa na zao la aina na joto, na ni wewe, kwa kuijua bahari, unayechagua kusema kwamba aina inabadilisha athari ya joto au joto linabadilisha tofauti ya aina.

Mchangiaji, Fumba

Niongeze tahadhari ya ukubwa wa sampuli, kwani wanafunzi wengi hupanga sampuli kwa ajili ya athari kuu, yaani ile ya kigeu kimoja kwa makundi yote pamoja, kisha hutaka mwingiliano bure. Makundi yakiwa mawili na sawa kwa idadi, kosa sanifu la mwingiliano ni mara mbili ya lile la athari kuu. Na kwa kawaida mwingiliano wenyewe ni mdogo kuliko athari kuu. Ukiwa nusu yake, unahitaji sampuli mara 16 ili uuone kwa uhakika uleule. Aliyehoji watu 100 kwa athari kuu ahesabu mwenyewe. Ndiyo maana "mwingiliano haukuonekana" si sawa na "mwingiliano haupo", na ndiyo maana mwingiliano mmoja uliojitokeza baada ya kujaribu ishirini unastahili kutazamwa kwa jicho la pembeni.

Pia, ikiwa matokeo yako ni ya ndiyo au hapana, kwa mfano mkulima ameacha mwani au hakuacha, kizigeu cha zao katika regresheni ya lojistiki hakisomeki kama tofauti ya uwezekano. Chunrong Ai na Edward Norton walilionya hilo mwaka 2003. Kokotoa uwezekano wenyewe kwa kila hali, kisha utoe.

Mchangiaji, Jambiani

Assalaam alaykum. Mimi ndiye mwanafunzi wa kilo 36. Sikukusudia kujitokeza, lakini Maalim amenisitiri vya kutosha na nadhani ni haki nieleze kilichofuata. Nilitoa wastani, nikageuza alama na kurudia, nikachora mistari miwili kutoka nyuzi 26 hadi 33, ambazo ndizo nilizozipima, nikaurudisha mchoro kwa akina mama walewale. Hawakulitazama jedwali kabisa. Yule aliyecheka aliweka kidole pale mistari inapokatana, akaniuliza hapo ni mwezi gani, kwa sababu yeye hana kipimajoto, ana kalenda na bamvu, na anataka kujua lini aitoe kotonii aweke spinosamu. Katika faili langu la kompyuta niliingiza joto, aina na kilo, tarehe sikuziingiza, nikiona hazina kazi. Ziko kwenye daftari la kuandikia pwani, ukurasa kwa ukurasa, na sasa nimeanza kuziingiza upya.